Kutoka yadi ya malori hadi ubao wa kuchorea

Mtu aliyeongoza kampuni ya malori kwa miongo mitatu hastaafu kama karani. Kazi yake haikuwa na saa ya kutoka. Simu inaita saa nane usiku: gari limezima Ruaha Mbuyuni, kipuri kiko Dar, mteja wa Lubumbashi anataka kujua mzigo wake umefika wapi. Kukicha ni mizani, vibali vya mpakani, dizeli, matairi, benki. Siku anayokabidhi funguo za ofisi simu inanyamaza, na mwili uliozoea kushtuka unabaki ukisubiri. Wengi hukimbilia shamba. Wengine hawaishi kurudi yadi "kusalimia", wakawa kero kwa waliowaachia kiti. Wapo wachache ambao tangu ujana walikuwa wakichorachora nyuma ya hati za mizigo huku wakingoja kupigiwa simu. Hao hununua brashi. Makala hii ni yao, na ya watoto wao wanaotaka kumsaidia mzee lakini hawajui waanzie wapi.

Wazee hawa hupewa ushauri mbovu. Wanaambiwa wachore maua kwenye chombo, au twiga mbele ya Kilimanjaro, kwa kuwa ndivyo vinavyouzwa. Naona ni hasara. Mtu anayeijua barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma kona kwa kona, anayeweza kutambua lori lililobeba na lililo tupu kwa kutazama matairi tu, ana somo ambalo mchoraji mwingine hawezi kulipata kwa kuhudhuria darasa. Achore malori. Achore barabara. Na aifanye kazi hiyo kwa nidhamu ileile ya yadi, isipokuwa haraka. Haraka aiache getini.

Ncha mbili za barabara moja

Barabara hiyo ina uhusiano mkubwa na uchoraji kuliko watu wanavyodhani. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini imekuwa mtego. Mafuta na bidhaa zikaanza kupitia Dar es Salaam kwa malori, juu ya njia ya udongo ambayo masika iliigeuza tope la kumeza ekseli. Ilipachikwa jina la jehanamu, na ililistahili. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa 1968, lami ikafuata miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA ikaanza kazi katikati ya muongo huo.

Mwaka uleule wa bomba, 1968, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza jijini Dar es Salaam kuchora wanyama na ndege juu ya mbao za dari, kwa rangi ya kung'aa iliyotumika kupaka baiskeli. Alichora miaka michache tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea na mtindo huo, ukabeba jina lake. Huko ncha ya pili, Katanga nchini Kongo, uliko mji wa Lubumbashi, wachoraji wa mitaani walikuwa wakitumia vitambaa vya magunia ya unga na kuwauzia majirani zao picha za kutundika sebuleni: mamba muntu, yaani nguva nusu mwanamke nusu samaki, kando ya maji, au mfungwa akichapwa viboko enzi ya Wabelgiji. Tshibumba Kanda Matulu alikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1970 alichora historia ya nchi yake picha baada ya picha, zaidi ya 100, akazieleza kwa Kiswahili cha Katanga.

Hakuna kati yao aliyesubiri duka la vifaa vya sanaa lifunguliwe mtaani kwake. Walichukua kilichouzwa kwenye duka la kawaida, wakakijua kwa undani. Mstaafu naye aanze hapo.

Vifaa: nini kinunuliwe, nini kiachwe yadi

Kosa la kwanza la mtu wa malori ni kudhani vifaa anavyo tayari. Ana maturubai ya zamani, ana mabaki ya rangi ya bodi, ana kompresa. Turubai la kisasa ni plastiki iliyotiwa kilainishi. Kilainishi hicho hutoka polepole na kuingia kwenye rangi; rangi ya mafuta iliyopakwa juu yake inaweza kunata kwa miezi, halafu ikabanduka vipande. Maturubai ya kale ya pamba yalitiwa nta au dawa ya kuzuia maji, na rangi haiyashiki vizuri. Rangi ya magari yenye hadina, ile dawa ya kuigandisha, ndiyo hatari zaidi. Hadina nyingi zina kemikali iitwayo isosayaneti, na zikipulizwa kwa kompresa ndani ya chumba zinaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Vyote hivyo vibaki huko huko.

Anunue hadibodi. Karatasi moja ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, yaani sentimita 60 na kidogo kila upande, bila kubakiza hata ukanda. Fundi seremala mwenye msumeno wa meza anaimaliza kwa dakika chache. Unene uwe milimita 5 au zaidi. Ile ya milimita 3 hupinda usipoiunga vipande vya mbao kwa nyuma.

Uso laini upigwe msasa namba 120 mpaka mng'ao upotee, kisha vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukishakauka, paka andakoti (rangi ya msingi) nyeupe ya mafuta mara mbili: mbele, nyuma, na kingo zote nne. Upande wa nyuma ndio wengi wanaoupuuza. Hadibodi ni nyuzi za mbao zilizobanwa. Upande usiopakwa hunywa unyevu wa masika na kutanuka, uliopakwa unabaki ulivyo, na ubao unajikunja. Mara nyingi picha iliyopinda ukutani ni picha ambayo mgongo wake haukupakwa kitu.

Hesabu ya andakoti haimsumbui mtu aliyezoea kukokotoa dizeli. Vipande 8, mbele na nyuma, ni karibu mita za mraba 6. Ukipaka mara mbili ni 12. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mpako mmoja. Kwa hiyo lita moja inatosha karatasi nzima, kwa kubana. Kati ya mpako na mpako apitishe msasa namba 240 kwa mkono mwepesi.

Rangi yenyewe ni ya mafuta ya kung'aa, ile ya milango na madirisha, katika makopo ya robo lita: nyeupe, nyeusi, njano, nyekundu, bluu na kahawia. Nyeupe anunue mbili. Kopo lieleze wazi kwamba halina madini ya risasi, kwa sababu rangi za zamani za njano na nyekundu ndizo zilizokuwa na sumu hiyo kwa wingi. Kama kuna kopo kuukuu stoo ambalo maandishi yake hayasomeki, asilitumie.

Ya kupunguzia uzito wa rangi ni tapentaini ya dukani, si thina ya magari. Thina hiyo ni kali mno. Ikigusa tabaka la chini ambalo halijakomaa, hulilainisha na kulinyanyua, na kazi ya siku tatu inaharibika kwa sekunde. Kipimo ni kijiko kimoja cha tapentaini kwa vijiko kumi vya rangi. Ukizidisha, rangi inateremka kwenye ubao na kukauka bila nguvu ya kushika.

Wengine hupenda akriliki kwa kuwa haina harufu na brashi husafishwa kwa maji. Ni chaguo zuri kwa mzee mwenye kifua kibovu. Ila ajue kwamba kwenye joto kavu la Dodoma au Iringa ya Septemba hukauka kwenye sahani kabla hajachanganya rangi ya pili, kwa hiyo awe na chupa ya kupulizia maji pembeni. Na kanuni moja haina msamaha: mafuta yanaweza kupakwa juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki haipakwi juu ya mafuta. Itaonekana imeshika, halafu itabanduka. Anayetaka akriliki atengeneze ubao wake kwa rangi ya maji ya ukutani isiyong'aa, si kwa andakoti ya mafuta.

Brashi tano zinatosha mwaka wa kwanza: bapa ya inchi moja, bapa ya nusu inchi, za duara namba 6 na namba 2, na moja yenye nywele ndefu nyembamba ambayo waandika mabango hutumia kuvuta mistari. Hii ya mwisho ndiyo itakayochora kingo za kontena na kamba za turubai.

Tahadhari ya moto inahitaji kusemwa waziwazi. Matambara yaliyofutia rangi ya mafuta, na zaidi sana yenye mafuta ya kitani, hutoa joto yenyewe yanapokauka. Yakirundikwa kwenye ndoo au kona ya stoo, joto hukosa pa kutokea na rundo linaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke kabisa, au yatumbukizwe kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Mtu aliyesimamia yadi ya magari ya mafuta hahitaji kuambiwa mara mbili.

Lori linalosimama kama lori

Picha nyingi za malori zina kasoro moja: gari ni fupi mno na limepanda juu mno, mithili ya mkate juu ya magurudumu. Jicho hudanganywa na ukubwa wa kichwa, sehemu ya mbele yenye injini, na kusahau urefu wa tela. Dawa yake ni kutumia tairi kuwa kipimo cha gari zima.

Tairi ya kawaida ya lori kubwa, 315/80 R22.5, ina kipenyo cha karibu mita 1.07. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19 na kimo cha mita 2.59. Likikaa juu ya tela, kilele chake kiko karibu mita 4 kutoka ardhini, yaani chini kidogo ya matairi manne. Semi nzima, yaani kichwa na tela lake, kutoka bampa la mbele hadi taa za nyuma, ni takriban mita 16 hadi 17, sawa na matairi 15 au zaidi kidogo. Ukichora tairi ya sentimita 3 kwenye ubao wa sentimita 60, lori zima litakuwa na urefu wa sentimita 46 hivi na kimo cha 11 au 12. Mtu anayeona vipimo hivyo kwa mara ya kwanza hudhani amekosea, kwa jinsi gari linavyoonekana refu. Hajakosea. Malori ni marefu hivyo.

Kwa ubavu, semi ya matairi 22 huonyesha magurudumu sita: moja mbele, mawili ya kichwa, matatu ya tela. Ekseli za tela huachana kwa mita 1.3 hivi, kwa hiyo kati ya tairi na tairi panabaki nafasi ya kama robo ya kipenyo cha tairi. Wachoraji hupenda kuyaachanisha zaidi ili yapendeze, na papo hapo tela hukosa uzito. Sehemu tela linapokalia kichwa huwa juu ya ekseli mbili za nyuma za kichwa, ikisogea mbele kidogo ya katikati yake. Ukiisogeza nyuma zaidi, meneja yeyote wa usafirishaji atasema gari hilo litanyanyua pua.

Halafu kuna mzigo. Katika sheria ya Afrika Mashariki ekseli ya mbele hubeba tani 8, zile mbili za kichwa 18, tatu za tela 24, na gari lenye ekseli nyingi zaidi halipaswi kuvuka tani 56 zote kwa pamoja. Tani 50 za semi yetu (8, 18 na 24) lazima zionekane kwenye picha. Zinaonekana pale tairi inapokutana na lami. Tairi la gari lililobeba halikai kama duara kamili. Chini limebonyea, na ubavu wake umetuna pande zote mbili za mguso. Mchoraji akate sehemu ndogo ya duara kwa mstari wa barabara, kisha aongeze unene kidogo ubavuni, upande wa chini tu. Mabadiliko ya milimita moja kwenye tairi ya sentimita 3 yanatosha. Gari tupu lichorwe na duara karibu kamili, na nafasi kati ya tairi na sakafu ya tela iwe kubwa zaidi. Watu ambao hawajui malori hawataweza kusema kwa nini picha moja ina uzito na nyingine haina, ila watahisi.

Ugumu mwingine ni lori lililogeuka kidogo kumwelekea mtazamaji, kwa sababu tairi huwa si duara tena, linakuwa yai. Kosa la wengi ni kulisimamisha yai hilo wima bila kufikiri. Kanuni ni kuvuta kwanza mstari wa ekseli, kutoka tairi la huku hadi la kule, kama vile unaona kupitia sakafu. Upana mdogo wa yai ulale juu ya mstari huo. Ukifuata hivyo matairi yote yatakaa sawa. Usipofuata, yataonekana yamelegea boliti.

Wanaochora kwa kufuata picha ya simu wakumbuke kwamba lenzi ya simu ni pana. Ukisimama mita tano kutoka kwenye lori, tairi la karibu linakuwa kubwa kupita kiasi na mkia wa tela unanywea. Rudi nyuma mita 25 hadi 30, kisha vuta kwa kukuza mara mbili au tatu. Ubao wa sentimita 60 ugawanywe miraba ya sentimita 5, ipatikane 12 kwa 12. Picha iliyochapishwa nayo igawanywe idadi hiyohiyo, halafu mistari ihamishwe mraba kwa mraba. Penseli iwe ya HB na mkono uwe mwepesi, kwa sababu risasi ya penseli laini huchafua rangi nyeupe.

Rangi za njia

Mtu wa safari hizi anajua bila kufundishwa kwamba nchi hubadilika rangi kila baada ya saa mbili. Ukitoka Chalinze milima ya Uluguru inaonekana bluu hafifu. Ukiikaribia inakuwa kijani. Mikumi wakati wa kiangazi ni nyasi za dhahabu iliyochoka. Ruaha Mbuyuni ni mibuyu ya kijivu yenye wekundu kidogo na vitunguu barabarani. Kitonga ni ukuta wa mawe na miti, malori yakipanda kwa gia nzito. Mafinga na Sao Hill ni misindano iliyopangwa safu, kijani cheusi.

Njia ya kuzipata bila kununua makopo ishirini ni kukataa nyeusi ya kopo kwa vivuli. Changanya bluu na kahawia kwa viwango vinavyokaribiana: utapata giza lenye uhai, linaloweza kuelemea ubaridi au joto kadiri unavyoongeza bluu au kahawia. Hilo ndilo giza la chini ya tela. Nyeusi yenyewe ibaki kwa mpira wa tairi, na hata hapo ipunguzwe kwa kahawia, kwa sababu hakuna tairi jeusi kabisa Tanzania baada ya kilomita mia za kwanza. Vumbi jekundu la kando ya lami ni kahawia, nyekundu kidogo, njano na nyeupe. Nyeupe iingie mwisho, kidogo kidogo. Kijani cha misindano kipatikane kwa njano na nyeusi, jambo linalowashangaza wengi mpaka wajaribu.

Vitu vya mbali vipauke na kuelekea rangi ya mbingu. Lori la mbele likiwa na nyekundu kali, lile la tatu kwenye foleni ya Tunduma lichukue nyekundu hiyohiyo iliyochanganywa na rangi ya anga. Bila hivyo foleni yote itaonekana imesimama mahali pamoja.

Haraka

Hapa ndipo tabia ya ofisi inapogeuka adui. Meneja alilipwa kwa kufikisha mzigo kabla ya muda. Rangi ya mafuta ya kung'aa haijali muda wa mtu. Inakauka kwa kuvuta hewa, kuanzia juu kwenda chini. Baada ya saa 4 hadi 6 kidole hakinati, na mchoraji anadhani iko tayari. Chini bado ni mbichi. Akipaka tabaka lingine, au akiwa amepaka nene tangu mwanzo, ngozi ya juu hutanuka na kujikunja makunyanzi, hasa kwenye pembe ambako rangi hukusanyika. Hakuna kurekebisha makunyanzi kwa brashi. Inabidi kungoja siku kadhaa mpaka pakauke kabisa, kupiga msasa kwa maji, na kupaka upya.

Aache saa 24 kati ya tabaka na tabaka. Masika ya pwani 48. Siku ya mvua asipake jioni, kwa kuwa unyevu wa usiku huua mng'ao na kuacha ukungu mweupe juu ya rangi.

Sasa mtu aliyezoea kazi kumi kwa siku atafanya nini ndani ya saa hizo 24? Aendeshe mbao nne kwa pamoja, kama alivyoendesha magari yake: moja inapakia, moja iko njiani, moja inashusha, moja iko gereji. Ubao wa kwanza unapakwa andakoti, wa pili anga na ardhi, wa tatu mwili wa gari, wa nne mistari ya mwisho. Kila asubuhi kuna ubao mmoja uliokauka unaomngoja, na hakuna sababu ya kugusa ule mbichi. Ratiba hii ndiyo tiba pekee ninayoiamini kwa haraka ya wastaafu wa usafirishaji. Kuwaambia "tulia mzee" hakusaidii kitu.

Utaratibu ndani ya ubao mmoja ni ule wa Tingatinga: mandharinyuma yote kwanza, bapa, bila kuhangaika, kisha maumbo makubwa kwa rangi moja moja, kisha vivuli na mwanga, mwisho kingo, maandishi, namba za gari, taa. Anayeanza na maandishi ya mlangoni kwa kuwa ndiyo anayoyapenda atalazimika kuyazunguka kwa brashi wiki nzima.

Macho, mkono na dirisha

Miwani ya kusomea imepimwa kwa umbali wa sentimita 40. Ubao wa kuchorea uko mbali zaidi, 60 hadi 70. Mzee anasogea mbele ili aone, mgongo unauma, anaacha kuchora, na familia inasema amechoka. Hajachoka. Amwambie mpimaji macho umbali halisi wa ubao wake, apimiwe miwani ya umbali huo.

Rangi zikianza kuonekana za njano na kahawia, na bluu ikawa ngumu kutambulika, apimwe mtoto wa jicho. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alibainika kuwa nao 1912 akaendelea kuchora kwa miaka, rangi zake zikizidi kuwa nyekundu na kahawia, hadi alipofanyiwa upasuaji 1923. Leo upasuaji huo hauhitaji kungoja hivyo.

Mkono unaotetemeka una tiba ya waandika mabango: fimbo nyepesi ya karibu mita moja, ncha yake ikiwa imefungwa kitambaa laini. Mkono wa kushoto unashika fimbo, ncha inaegemea ukingo wa ubao, na kifundo cha mkono wa kulia kinapumzika juu ya fimbo. Mstari mrefu wa kontena unavutwa kwa bega, si kwa vidole.

Kuhusu mwanga, vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa Ulaya na vinasema dirisha liangalie kaskazini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwetu mambo hugeuka ndani ya mwaka mmoja. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na dirisha la kusini ndilo lenye mwanga mtulivu. Miezi iliyobaki ni kinyume chake. Kwa Nairobi mgawanyo ni karibu nusu kwa nusu. Chumba chenye madirisha pande zote mbili na mapazia mawili ya marekani nyeupe ndicho bora. Kisichopatikana, mzee ahame na ubao wake Oktoba, arudi Machi.

Kumbukumbu na usafiri

Kila ubao uwe na namba na maelezo nyuma, kwa kalamu ya wino usiofutika: mahali palipochorwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, aina ya rangi, na kama umepakwa andakoti ya mafuta au rangi ya maji. Habari hiyo hiyo iandikwe kwenye daftari. Ni kazi ya dakika mbili ambayo mtu wa malori ameifanya maisha yake yote. Siku ubao utakapochunika, fundi atajua aanze na nini. Na siku mwenyewe hayupo, watoto hawatabishana kama ile ni Kitonga au Sekenke. Picha zilizopo pwani zisibanwe ukutani. Vipande vidogo vya kizibo nyuma ya pembe za chini huacha hewa ipite, ukungu haupati nafasi. Fremu za mbao laini zitiwe dawa ya mchwa kabla ya kupakwa rangi, si baada.

Kama picha inasafiri kwa basi kwenda kwa mtoto Mwanza au Arusha, isifungwe kabla ya mwezi mmoja tangu tabaka la mwisho. Rangi ya kung'aa huonekana kavu lakini bado hushika kinachoibana, hasa ndani ya buti lenye joto. Gazeti litaacha wino na maneno juu ya anga, na nailoni ya mapovu itaacha alama za duara. Karatasi ya kuokea keki iguse uso wa picha, juu yake kadibodi ngumu iliyozidi ubao kwa sentimita 5 kila upande, pembe nne zikiwa na kadibodi iliyokunjwa mara tatu, ndipo nailoni ifuate kwa nje. Isimamishwe wima kwenye buti, isilazwe. Ikilazwa, mtu atapandisha gunia juu yake kabla basi halijafika Chalinze.